Mteremko Ambao Sijaukanyaga

Kila Jumanne asubuhi, kabla sijawasha moto wa chai, mimi husoma jinsi theluji ilivyolala juu ya mlima fulani wa Ulaya. Mlima wenyewe sijauona. Theluji sijaigusa, ukiacha ile barafu ya kwenye friji za watu. Naishi kwenye mteremko wa milima ya Mua, juu ya Machakos, na hapa kitu cha baridi kuliko vyote ni maji ya tangi mwezi wa Julai. Lakini naweza kukueleza tofauti ya theluji iliyopangwa na upepo na ile iliyoanguka kimya, na ukinibishia nitakasirika.

Nilikuwa bwana shamba. Miaka thelathini na kidogo nilitembea vilima vya Ukambani nikiwafundisha watu kuchimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, mvua inamaliza kazi iliyobaki. Nilikuwa na kamba, vijiti viwili, pimamaji ya kupimia mteremko, na mdomo mkali. Mama mmoja wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, aliwahi kusema mbele ya wenzake kwamba mimi nikifa nitabishana na Mungu kuhusu jinsi mbingu ilivyoinama. Walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Mimi sikucheka, maana niliona hana makosa.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Sina mengi ya kuandika juu ya hilo. Baada ya matanga watu walirudi kwao, kama inavyostahili, na ndipo nikagundua kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa akiongea. Mimi nilikuwa najibu. Sasa hapakuwa na cha kujibu. Nikawa napika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, mara moja, nala siku tatu. Kuna siku nilikwenda dukani kununua chumvi ambayo sikuihitaji, na nilipofungua mdomo kumsalimia mwenye duka sauti ilikwama, kwa kuwa haikuwa imetumika tangu Jumapili.

Mtoto tuliyejaliwa ni mmoja, binti. Amebeba jina la mama yangu, na kwa desturi yetu nimemwita Mwaitu, yaani mama, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya milimani huko Ulaya. Alikuja kumzika mama yake, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Baada ya hapo tulikuwa tukiongea kila Jumapili kwa dakika nne. Habari ya huko, nzuri. Umekula, nimekula. Baridi je, ni kali. Halafu tunasikilizana tukipumua mpaka mmoja wetu aseme basi.

Msimu wa baridi uliofuata aliniambia ameanza kupanda mlima siku yake ya mapumziko, Jumanne, yeye na mwenzake mmoja wa jikoni. Hawakuwa wakienda kwenye zile njia za watalii zinazolindwa. Walikuwa wakienda nje ya hizo, ambako mlinzi wako ni akili yako mwenyewe. Niligomba. Nilimwuliza kama amekosa kazi ya kufanya, maana huku kwetu mtu hupanda mlima akiwa anatafuta ng'ombe. Aliniacha nimalize, kisha akaniomba kitu. Alisema kila anayepanda huacha habari kwa mtu asiyepanda: njia gani, watu wangapi, watarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, na nyingine juu yake, bila neno lolote, yule mtu anawapigia waokoaji. Hapo hotelini wafanyakazi hubadilika kila msimu, na hakuna aliyejua hata yeye ni wa nchi gani. Kwa hiyo aliomba mtu huyo niwe mimi.

"Niko na wewe tu, Baba," alisema.

Niliandika namba ya waokoaji ukutani kwa wino mzito, kando ya kalenda ya kanisa, na nikaanza kusoma.

Sikuwa nikijua kuna watu ambao kazi yao ni kupima theluji na kuitolea taarifa kila siku, kama sisi tunavyosubiri taarifa ya mvua. Hatari huipa namba, moja hadi tano. Moja unaweza kutembea, tano usitoke nyumbani. Mwaitu alinifundisha kwamba ya kuogopwa sana ni tatu, kwa sababu nne humtisha kila mtu, lakini tatu mtu huiona iko katikati akajiambia atapita haraka. Nikamwambia hiyo ni tabia ya binadamu, wala si ya theluji. Hata huku mto uliofurika kabisa hakuna anayeuingia. Unaoua watu ni ule unaofika kiunoni.

Theluji hulala kwa matabaka, na kila tabaka lina tabia yake. Tabaka gumu likija kulalia tabaka legevu, lile la punjepunje kama sukari, mtu mmoja akikanyaga pabaya bamba zima linakatika na kuondoka naye. Nilipolisoma hilo nilijipiga paja, maana nilikuwa nalijua. Udongo uliolala juu ya mwamba hufanya vilevile mvua ya Aprili ikiujaza, na nyufa za kwanza huonekana kule juu kabla ya chochote kusogea. Alinitumia picha ya ufa kwenye theluji, nami nikamtumia picha ya ufa kwenye shamba la jirani. Zilifanana kabisa, tofauti ilikuwa rangi.

Dakika nne zikawa arobaini. Nilitaka kujua kila kitu. Alinionyesha vitu vitatu ambavyo mpandaji haachi nyumbani: kidude cha kuvaa kifuani kinachotuma mawimbi ili mwenzako akutafute ukifukiwa, fimbo ndefu ya kukunjuka ya kuchomachoma theluji mpaka imguse mtu, na sepetu. Aliyefukiwa ana dakika chache tu, alinieleza, ndiyo maana mwokoaji wako wa kwanza ni yule uliyetoka naye. Nilimwuliza kama huyo mwenzake anajua kulitumia hilo sepetu au anapigia picha tu. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Kwa kuwa maporomoko mengi huanza kwenye mteremko wa digrii thelathini na zaidi, nilitoa kamba na pimamaji stoo nikalipima shamba langu mwenyewe, nyuma ya nyumba. Pale juu kabisa palikuwa thelathini na mbili. Nilikaa chini pale na kuuliza mwili wangu kama ungeteleza. Mzee mzima, nimekaa kwenye mabua ya mahindi, najaribu kuwaza weupe. Kama kuna aliyeniona, alinyamaza kwa heshima.

Kila Jumanne kabla ya kutoka alinipigia simu ya video. Aligeuza kamera mlima ukaonekana, akauliza, "Baba, unaonaje?" Mtu ambaye hajastaafu hawezi kuelewa uzito wa swali hilo. Tangu nilipokabidhi funguo za ofisi watu waliniuliza nimeamkaje, waliniuliza miguu inasemaje, lakini naonaje hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa namwomba asogeze simu, aniambie upepo ulitoka wapi usiku, aniambie mteremko unatazama upande gani. Kisha natoa hukumu yangu. Siku nzima iliyobaki nilikuwa mtu.

Msimu wa pili ukaja, na Jumanne moja ya mwezi wa Februari. Theluji ilikuwa imeanguka Jumapili na Jumatatu, na upepo juu yake. Jumatatu jioni alinitumia mpango: wangeukata mteremko wa mashariki mpaka kwenye pengo la mlima, na wangekuwa wamerudi saa kumi, saa za huku. Asubuhi nikafungua taarifa ya theluji. Ilisema tatu. Niliisoma namba. Maneno yaliyofuata sikuyasoma, kwa sababu kufikia wakati huo nilijiona najua theluji kuliko wanaoiandika.

Alipopiga simu mbingu ya huko ilikuwa safi, samawati tupu, na jua lilikuwa linaanza kuugusa mlima. Akaniuliza naonaje.

"Mvua imekatika," nilimwambia, na hata sikujisahihisha kwamba ni theluji. "Jua nalo hilo. Ngojeni lipige kidogo. Likishapiga, inashika. Mpande bila wasiwasi."

Hivyo ndivyo nilivyowaambia wakulima maisha yangu yote. Usiingie kwenye mteremko ukiwa umelowa, ngoja jua liufunge. Hakuna mtu Machakos nzima anayeweza kulipinga hilo. Nikamweleza kwa nini, na nikamweleza tena kwa nini, na nikamtolea mfano wa shamba moja la Kangundo. Katikati alifungua mdomo kutaka kusema kitu, nikamwinulia kidole, nikaendelea. Mwisho akasema sawa, Baba, asante. Mwenzake alikuwa anamwita mlangoni.

Nilichukua jembe nikaenda kurudishia tuta lililovunjwa na mbuzi. Nilifanya kazi vizuri siku ile, tena nikiimba. Saa tano nikarudi ndani kunywa chai, nikavaa miwani, na kwa kukosa la kufanya nikaisoma taarifa mpaka mwisho.

Ilisema theluji mpya iliyokusanywa na upepo imelalia tabaka legevu. Ilisema miteremko inayotazama mashariki itapigwa na jua tangu asubuhi, na kadiri jua litakavyopanda ndivyo theluji itakavyolainika na kuachia. Wapandaji waikwepe. Nilisoma mara tatu, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu. Udongo ukipigwa na jua hukauka, kwa hiyo hushika. Theluji ikipigwa na jua huyeyuka. Mtoto wa darasa la pili anajua barafu ikiachwa juani inakuwa maji. Mimi nilikuwa nimemwambia mwanangu asubiri jua kwanza ndipo apande.

Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikaandika: usipande, jua ni baya, rudi. Ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu, yaani haujamfikia. Nikapiga tena. Nikapanda juu ya shamba ambako mtandao ni mzuri, kana kwamba kasoro ilikuwa upande wangu, na nikasimama pale nikiitazama ile alama moja.

Jirani yangu, mama wa makamo ambaye tunapakana, alipita akitoka kisimani. Aliniuliza mbona nimesimama juani bila kofia. Nikamwambia nasubiri simu ya binti yangu. Akasema nimsalimie sana, na nimwambie asituletee mkwe asiyekula muthokoi. Nikacheka naye. Alipokwisha kushuka nilishika mti wa mparachichi nikapiga simu tena.

Sijawahi kuwa mpweke kama saa zile. Siku ya kumzika mke wangu nililia, na kila aliyekuwa pale alijua ninalia nini. Lakini siku hii ningemwendea nani? Ningemwambia mchungaji tuombe nini? Ningeshuka mpaka mjini, ningesimama sokoni kutwa nzima, na nisingepata mtu mmoja wa kuelewa kwamba jua, kitu ambacho sisi hukisubiri kama baraka, lilikuwa linamfuata mwanangu mlimani, na kwamba ni mimi niliyemwelekeza huko.

Saa saba sikuweza tena. Nilipiga ile namba ya ukutani. Aliyepokea alisema kwa lugha yao, kisha akahamia Kiingereza, nami nikamweleza habari za binti yangu kwa kile Kiingereza changu cha ripoti za ofisi. Akaniuliza napiga kutoka wapi. Nikasema Kenya. Akauliza kwa upole kama binti yangu amechelewa kurudi. Nikasema hapana, zimebaki saa tatu, lakini mteremko unatazama mashariki. Akasema nina haki ya kuhofu, mteremko huo leo si mzuri, ila hawawezi kumtafuta mtu ambaye bado hajapotea. Aliandika jina la binti yangu na namba yake ya simu. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia apande. Alisema nipige tena saa ya makubaliano ikipita.

Saa tisa na nusu simu ililia.

"Baba, tumerudi," alisema. "Simu ilizima juu ya baridi. Saa hii niko kwa duka la mikate, nimechaji kidogo."

Hawakuupanda ule mteremko. Walipofika chini yake waliona madonge madogo ya theluji yakibingirika yenyewe kutoka juu, ishara kwamba inaachia, wakapita msituni kwenye tambarare. Alikuwa anatafuna kitu akinieleza. Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Na sasa nitaandika nilichofanya, ingawa nakionea haya. Nilimgombeza. Nilimwuliza simu ni ya kazi gani kama inazima, na kama mama yake alimzaa aje aniue kwa presha. Nikamtolea hata methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi mkuu ambaye kama angenisikia, guu lingekuwa jambo dogo. Neno la kosa langu lilikuwa pale pale kooni na sikulitoa. Yeye aliacha kutafuna. Halafu akasema, "Sawa, Baba," tukaagana.

Jumanne iliyofuata hakupiga. Ulikuja ujumbe: njia hii, watu wawili, saa tisa. Jioni ukaja mwingine: nimerudi. Jumanne ya pili vilevile, na ya tatu. Hakugeuza kamera tena. Hakuuliza naonaje. Jumapili tukarudia dakika zetu nne, umekula, nimekula. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Niliwahi kuona wakulima wa namna hiyo. Ukimharibia shamba mara moja kwa ushauri mbaya, atakusalimia kwa adabu maisha yote, lakini hatakuonyesha tena anapolima.

Niliendelea kuisoma taarifa, sasa neno kwa neno, na kila Jumanne nilikuwa na la kusema na sina wa kuniuliza. Wiki sita. Nilipungua mpaka jirani akaanza kuniletea uji. Kiburi ni kitu kizito sana kukibeba ukiwa peke yako nyumbani. Mwishowe Jumatatu moja, siku ambayo si yetu, nilimpigia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaahirisha.

Alipokea haraka akiuliza kuna nini, nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa.

"Mwaitu, siku ile nilikuambia vibaya," nikasema. "Jua la huko si la huku. Ungenisikiza ningekuua. Nilijua siku ileile, nikaona haya kusema."

Kulikuwa na kelele za vyombo nyuma yake. Nilimsikia akitoka, mlango ukafungwa, kelele zikaisha.

"Nilijua, Baba," alisema. "Hiyo ripoti nilikuwa nimesoma yote hata kabla nikupigie. Tulikuwa tushaamua kupita chini, yale madonge yalituhakikishia tu. Nilitaka kukuambia tumebadilisha njia, lakini ulikuwa ushaanza kuongea, nikakuacha."

Sikuelewa. Nilimwuliza, kama alikuwa ameshaamua, alikuwa ananiuliza nini.

"Nilitaka tu uongee," akasema. "Tangu Mum aende huwa huongei. Nikikuuliza mambo ya mteremko ndio unaongea."

Akaendelea kueleza, polepole, kwamba waokoaji walimpigia jioni ile wakamwambia kuna mzee alipiga kutoka Kenya mchana, amejaa hofu. Akaona ananibebesha mzigo, afadhali aniache nipumzike. Ndiyo sababu aliacha kuuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema huko naye, Jumanne asipoongea na mimi, siku inapita bila mtu kumwita Mwaitu.

"Niulize," nikamwambia. "Kila Jumanne uniulize. Lakini usinisikize."

Alicheka huku akipenga kamasi. Kisha akageuza simu, na mlima ukajaa kwenye kioo, mweupe, jua la alasiri likiwa ubavuni.

"Haya basi, Baba. Unaonaje?"

Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikaanza kuongea.